Nauli Lete Mwenyewe

Kileleshwa, kwenye ghorofa lililojengwa palipokuwa na nyumba yenye bustani zamani, kuna studio ya katuni za kuwafunza watoto hesabu. Mwanafunzi wa atachimenti huchora twiga, humpa sauti, kisha huwapikia wakubwa chai. Bima alijikatia mwenyewe kabla ya kuripoti. Malipo yake ni uzoefu. Kwa bahati mbaya kondakta wa matatu, mtu asiye na ubunifu, hapokei uzoefu kama nauli, wala benki ya Equity haina akaunti ya uzoefu. Muhuri wa daftari la mafunzo bosi kaufungia kabatini mpaka katuni iishe. Kipindi cha juma hili ni kutoa: twiga ana mandazi matano, anagawa matano. Mwandishi ni mwanafunzi huyo. Bosi kakipitisha bila kucheka.