Jino la Makame

Jamaa zangu walipokubaliana kwamba mimi ndiye nitakayekuwa msimulizi katika ule mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, unaochezwa kwa karatasi, kalamu za risasi na dado ya pande ishirini, nilijifungia chumbani nikatunga nasaba ya masultani tangu jadi na jadi, nikapanga ushuru wa forodha wa kila bandari, nikachora mito yote kwa wino wa samawati, kwa itikadi kwamba ulimwengu uliosheheni tarikhi hauna budi kuwa hai. Mashujaa walifika langoni mwa mji na, badala ya kuuliza habari za masultani, walimwuliza askari wa zamu jina lake. Nikajibu, "Makame," na kwa kuwa macho yote yalikuwa bado yamenielekea, nikaongeza kuwa jino lamwuma.

Usiku wote ukaishia katika jino hilo. Binamu yangu, aliyekuwa akiigiza mchawi mwenye uwezo wa kuteketeza jeshi zima, alizunguka soko akitafuta karafuu. Na shangazi yangu, ambaye alikuja kutuletea chai akakaa kitako akapewa upanga, alikataa katakata kuliendea joka la mlimani kabla ya kujua mgonjwa kaamkaje. Dado ya kuamua kama jino lang'oka ilibingirika mpaka uvunguni mwa kabati, ikambidi binamu alale kifudifudi na tochi, akaisoma namba huko huko, nasi tukabishana iwapo namba iliyoonwa na shahidi mmoja yakubalika. Shangazi alitoa fatwa kwamba yakubalika, madhali shahidi ana udhu.

Gary Gygax, ambaye pamoja na Dave Arneson aliutoa mchezo wa namna hii hii, ule wa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, aliandika baadaye kisa kiitwacho The Keep on the Borderlands, kinachohusu ngome ya mpakani, na watu wa ngome hiyo aliwatambulisha kwa vyeo vyao tu, mhunzi akabaki mhunzi; lakini aliweka humo orodha ya tetesi 20, nyingine za kweli na nyingine uwongo mtupu. Kwa rai yangu hapo ndipo alipopatia, kwani mji ambao kila mkaazi wake husema kweli haujapata kukaliwa na binadamu.

Basi nami nikamtia kinyozi wa mji tetesi kwamba muuza kamba hupunja. Shangazi hakungoja ushahidi: alinyanyuka kitini, akainyoosha kamba isiyokuwapo kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akahesabu dhiraa kwa sauti, akamtazama binamu kwa huzuni. Hata hivyo aliinunua kwa dinari nzima, na muuzaji, kwa kukosa fedha ndogo, akamwambia apitie baada ya alasiri.

Sasa, ikiwa Makame ana haki ya kuumwa jino, joka nalo lina haki ya kuona njaa, na muda wote wa kutafuta karafuu na kupima kamba nilikuwa nikilitilia alama pembeni mwa daftari. Likashuka. Likaiunguza forodha pamoja na ushuru wangu wote, askari wakatawanyika, Makame akiwa mbele yao na shavu mkononi, binamu akapiga kelele kwamba tukimbilie majahazini; na Shangazi, upanga ukwapani, akasema atangulie anayetaka, yeye yuko dukani kwa muuza kamba akingoja baki ya dinari yake.