Barua ya Tumbo kwa Watu wa Kianyaga

Kwenu nyote: Cucu, Baba, Mama, akina Tata wa Kerugoya na Kutus, pamoja na binamu wote wanaonipigia simu Januari kwa karo na Desemba kwa nauli.

Kama kuna anayeumwa, namwombea apone kabla ya Desemba, kwa sababu nitamhitaji jikoni. Tiketi bado sijanunua. Nimeanza na ratiba ya kula, na kabla hamjacheka, nisikilizeni. Hapa Lowell, katika jimbo la Massachusetts, ambako Wakenya ni wengi hata mtu hakosi wa kusalimiana naye kwa Kikuyu, kila anayejiandaa kurudi nyumbani hutengeneza orodha ya mahali atakapokula. Karibu orodha zote zina kasoro moja: ni orodha za majina. Hoteli ya fulani Nyeri, bucha ya fulani Karatina, choma ya fulani Sagana. Nataka kuwathibitishia kwamba jina la hoteli ndilo jambo la mwisho la kuangaliwa. Chakula cha kwetu kina saa yake, kina siku yake na kina mwezi wake, na anayefika penye jina lenyewe kwa saa isiyo yake ataletewa chipsi.

Chukueni jina kubwa kuliko yote. Carnivore ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1980, na sifa yake ikavuka bahari kwa sababu ya nyama za porini. Mwaka 2004 biashara ya nyama hizo ikapigwa marufuku, na leo anayekwenda huko hukuta ng'ombe, mbuzi na kuku, akibahatika mamba na mbuni wa kufugwa. Si lawama kwa wenye hoteli. Sheria ni sheria. Ila wapo wa majuu ambao hadi leo hupanga safari ya kwenda kumla pundamilia. Katika miji yetu mambo huenda mbio zaidi. Kibao cha hoteli Kutus au Kagio hudumu mpaka kutu ikimalize, lakini mpishi hudumu mpaka jirani amwongeze mia mbili kwa siku. Ladha unayoikumbuka ilihama na mpishi, nawe unarudi kukisalimu kibao.

Saa, kwa upande wake, haihongwi kwa mshahara. Supu ya kichwa na miguu hutokota usiku kucha na hunywewa asubuhi, kabla madereva wa matatu hawajaimaliza. Anayeiagiza saa sita mchana anauziwa maji yaliyoongezwa juu ya mabaki. Mbuzi wa kuchoma huchinjwa alfajiri, hukaguliwa, hupigwa muhuri, na asubuhi hiyo hiyo anakuwa ananing'inia buchani. Wakati wa kuchagua ni huo, ungali unaweza kunyoosha kidole na kusema nataka mbavu za yule, si za huyu. Saa tisa ya Jumamosi hukuti mbavu. Unakuta shingo na ushauri. Halafu kuna muda wa jiko. Kilo mbili kwa moto wa pole zinataka karibu saa nzima, na mchomaji anayekuletea baada ya dakika ishirini ama amekupa ya mtu mwingine ama amechoma nje akasahau ndani. Huku Marekani watu huweka meza siku nyingi kabla, na wakishaketi huharakishwa ili meza ipewe wengine. Kwetu meza haina mwenyewe. Anayewekwa ni mbuzi. Ukimpigia mwenye bucha saa tatu asubuhi, umefanya kazi yote ambayo orodha ya majina kumi haiwezi kukufanyia.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni mutura, maana yenyewe haina hoteli kabisa. Utumbo hujazwa damu, mafuta, nyama iliyokatwakatwa, vitunguu, dhania na pilipili, huchemshwa, kisha hupelekwa kwenye makaa kando ya stendi jua likianza kushuka. Mteja hula amesimama, anachovya kachumbari, anadai kipande kingine kabla hajameza cha kwanza. Asubuhi haipo. Mchana haipo. Saa tatu usiku zimebaki ncha. Utamwandikaje muuzaji huyo katika orodha ya majina? Hana kibao, ana moshi. Githeri nayo ina hesabu zake za kinyume. Siku ya kwanza ni mahindi na maharagwe yaliyolazimishwa kukaa sufuria moja. Siku ya pili, ikikaangwa kwa kitunguu na nyanya, ndipo yanapopatana. Hoteli inayokupa githeri iliyolala haijakudharau hata kidogo.

Sasa inakuja hesabu yenyewe, na mwanafunzi yeyote wa Kianyaga High aliye nyumbani naomba aikague. Mwezi wa Desemba Massachusetts iko nyuma ya Kenya kwa saa nane. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka New York hadi Nairobi kwa takriban saa 14, lakini huyo anayefika ni mtu na mizigo yake. Tumbo lina mwendo wake, hufika siku kadhaa baadaye. Hivyo supu ya saa moja asubuhi italikuta likiwa saa tano usiku, linajiandaa kulala. Nyama ya saa saba mchana italikuta saa kumi na moja alfajiri, katika usingizi wa pono. Mutura ya saa kumi na moja jioni, kumbe, inalikuta saa tatu asubuhi, wakati wa kifungua kinywa, na chakula cha saa mbili usiku kinaangukia saa sita mchana kamili. Kwa hiyo siku tatu za mwanzo ni za mutura na chakula cha usiku, choma inaanza siku ya nne, na supu ingoje ya sita. Inabaki saa tisa usiku, ambapo tumbo la Lowell litadai chakula chake cha jioni bila huruma. Mkisikia sufuria zikigongana gizani msipige nduru wala msimfungulie mbwa. Acheni githeri mezani na taa ikiwaka. Familia nyingi hufanya kinyume cha haya yote: mbuzi huchinjwa siku ya kwanza, mchana, mgeni anashika ubavu mkononi huku kichwa kinaanguka, halafu mtaani inasemwa kwamba majuu kumemharibu, siku hizi hali nyama.

Juu ya saa kuna mwezi. Desemba hupendwa kwa sababu shule zimefungwa na kila mtu yuko nyumbani, lakini tumbo lingeulizwa, lingepinga. Mahindi ya masika huwa mabichi katikati ya mwaka, na ya vuli, yanayopandwa Oktoba, hayawi tayari kabla ya Januari. Kwa sababu hiyo mukimo wa hotelini Desemba mara nyingi ni viazi vilivyopakwa rangi ya majani ya malenge, na punje za mahindi unaweza kuzitaja moja moja. Dawa ni ruracio, sherehe ya kupeleka mahari. Pale wanawake wanapoponda kwa mwiko wa urefu wa jembe ili kuulisha ukoo mzima, hakuna anayethubutu kubania mahindi, maana wakwe wanatazama. Ratiba yangu ina Jumamosi mbili zilizoachwa wazi makusudi. Nijulisheni nani anapeleka mahari. Sijali nitaketi upande wa nani.

Mchele ndio unaowakosesha wengi. Mavuno makuu ya Mwea huangukia mwishoni mwa mwaka, na bwawa la Thiba, lililozinduliwa Oktoba 2022 hapo hapo Gichugu kwetu, limewaongezea wakulima maji. Basi mtu wa majuu anashuka Wang'uru, mjini Mwea, mbio mbio akitaka pishori mpya kabisa. Apunguze mbio. Mchele uliotoka shambani juzi bado una unyevu, na ukipikwa hushikana. Pishori hufunguka punje kwa punje ikiwa imekaa ghalani miezi kadhaa. Mwenye hoteli akikuambia mchele wake ni wa msimu uliopita, usikunje uso, vuta kiti. Mnaona kwamba saa ninayoitetea si lazima iwe saa ya kitu kipya. Na ili msidhani sitendi haki, nakiri kwamba kanuni yangu ina upungufu mmoja: samaki wa trauti. Huyu ni mgeni, Ewart Grogan alimleta katika mto Gura mwaka 1905, akayapenda maji baridi ya milimani asiondoke tena. Hana saa, hutolewa bwawani wakati wowote. Nimeipa Nyeri siku moja kwa ajili yake, na najua Cucu, ambaye kwake samaki si chakula, hatakubali kuiita siku hiyo siku ya kula.

Kuna atakayesema vyote hivi viko huku, nauli ya nini? Ana ukweli nusu. Lowell ina unga wa ugali, ina majani ya chai ya Kenya, ina sukuma au jamaa yake wa karibu. Basmati ya India na Pakistani imejaa madukani, nayo ni ndugu wa damu wa pishori yetu, kwani Basmati 370 inayolimwa Mwea asili yake ni huko. Mbuzi pia wapo katika bucha za Waislamu, ila wengi wamegandishwa na kukatwa kwa msumeno vipande vya mraba, goti na mbavu bila ubaguzi. Kinachokosekana ni kile ambacho ama sheria ama saa imekizuia. Mapafu ya mnyama hayaruhusiwi kuuzwa kama chakula cha binadamu nchini Marekani tangu 1971, na mutura hata ukiifunga kwa upendo gani haipiti forodha. Hapo nimepata kigezo cha pili: kinachoweza kupanda ndege kisichukue nafasi katika ratiba. Chai na kahawa, japo miteremko yetu imevaa zote mbili, nimezinyima mstari. Zitakuja Lowell ndani ya sanduku.

Pingamizi zito ni la Mama, na silijibu kwa mzaha. Mtoto atoke mbali kiasi hicho, akale hotelini, na jiko la mama yake linawaka? Majirani watasema nini? Jibu langu la kwanza ni kwamba usiku wote ni wa nyumbani, na usiku, kama mlivyoona katika hesabu, ndio wakati tumbo liko macho. Jibu la pili ni gumu zaidi kulisema. Mama humpikia mgeni kama mgeni. Atachinja kuku wa kienyeji, atapika wali, atasukuma chapati mpaka mabega yaume, kwa sababu hiyo ndiyo heshima, na heshima haipikwi kwa nduma. Ila mtu hakuvuka bahari kufuata wali na kuku. Hivyo alikula jana. Alikuja kwa nduma, viazi vitamu, njahi, githeri na uji uliochacha, vile vyakula ambavyo Mama angeona haya kuvitandaza mbele ya mtu aliyeshuka kwenye ndege. Hoteli haina haya. Unaagiza githeri, unaletewa githeri, na hakuna ukoo ulioaibika. Mama akikubali kuniwekea nduma na chai ya maziwa kila asubuhi bila kuomba radhi, nafuta hoteli mbili kwenye ratiba leo hii.

Tumbo kuharibika? Hutokana na pupa kuliko mahali. Kilichochemshwa na kilicho moto kwanza, kachumbari baadaye, maji ya kuchemshwa daima. Tuendelee.

Kuna la fedha, ambalo hamtalisema mbele yangu lakini litasemwa. Mtu anapangaje kula wakati paa linavuja na karo haijalipwa? Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, tulioko nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Fedha za simu huenda shuleni, hospitalini na kwenye mabati, na zinastahili kwenda huko. Ila mchomaji wa Kianyaga, kijana wa mutura na mama anayekata kachumbari hawatumiwi kitu na mtu. Kwao fedha ya majuu hufika ikija kwa miguu, ikiwa na njaa. Sidai kwamba kula mbavu ni msaada kwa taifa. Nadai tu kwamba si wizi. Hatari ya kweli ya ratiba hii iko pengine: chakula kikishajulikana saa yake, binamu nao wanaijua saa hiyo. Meza ya watu wawili saa saba ina watu kumi na mmoja saa saba na robo, na bili humtafuta aliyekuja na koti zito.

Kwa hiyo barua hii isomwe nyumbani, isipelekwe stendi. Nijibuni kabla ya mwisho wa Oktoba, tiketi hazijapanda: ruracio ni tarehe ngapi, na nani kati yenu ana namba ya mwenye bucha anayepokea simu asubuhi. Tena nawasihi, mbuzi awe wa siku ya nne. Mkimchinja siku ya kwanza nitasinzia, nanyi mtamla peke yenu, na nawajua kwa majina wanaoombea iwe hivyo.

Wenu wa Lowell.