Mwongozo kwa Mtini Usiotaka Kuzaa

Kama umepandwa katika shamba la mizabibu na huna mpango wa kuzaa, tulia. Mfano ulioko Luka 13 ni wako. Mwenye shamba alitafuta tini miaka 3 kabla ya kusema mti ukatwe. Hiyo ni nafasi ya kutosha, itumie. Ila ujue anahesabu.

Kwanza ota majani. Jiunge na kwaya, shona sare, gombea ukatibu wa kamati ya harambee. Biblia iwe na mkoba wa zipu. Ukiulizwa habari za kiroho, jibu, “Namshukuru Mungu, tunaendelea vizuri.” Hakuna atakayechimba zaidi, kwa kuwa naye ana majani yake ya kulinda. Shemeji mliyekosana naye kwa ajili ya kiwanja, usimsamehe kwanza. Hilo ni tunda, na ukishatoa moja watu watakuja na debe. Tahadhari: mwenye shamba hatazami kutoka barabarani. Huinama chini ya matawi akapapasa.

Mhubiri akifika kwenye mfano huu, itikia “Amina!” ukimtazama jirani. Usishangae ukikuta naye anakutazama.

Tarehe 31 Desemba usikose mkesha. Lia, omba mwaka mmoja zaidi, toa ahadi za mwaka jana. Hazijatumika, bado mpya kabisa. Asubuhi shuhudia kwamba umeongezewa muda kwa sababu ya maombi yako. (Katika mfano mti haukusema neno. Aliyeomba ni mtunza shamba. Usilitaje hilo kwenye ushuhuda.)

Sasa pa kuteleza, na utateleza. Mtunza shamba hakukuombea mwaka wa kupumzika. Aliomba nafasi ya kuchimba kukuzunguka na kutia samadi. Soma tena, polepole. Jembe litapita palepale ulipoficha mizizi. Na samadi haiji ikinukia udi: huja na begi na godoro, ikisema ni shemeji yako, nyumba yake imevuja, anaomba kukaa wiki mbili. Wiki mbili za shemeji unazijua. Kukimbia haiwezekani, mti hauna miguu. Luka naye hakuandika kama mti ule ulizaa au ulikatwa, kwa hiyo acha kupekua kurasa. Kuna mtu anapiga hodi.