Sifa za Ujumbe wa Mishale Miwili

Ng'ombe amesifiwa, mnazi umesifiwa, hata daladala imepata wa kuiimbia. Ila ujumbe wa mishale miwili, ile alama ya WhatsApp ya kusambazwa mara nyingi, ule unaoingia kwenye kundi la ukoo saa kumi na moja alfajiri na maneno "Nimeupokea kama ulivyo, msipuuze", haujaambiwa hata ahsante. Mimi niliyefuta picha za harusi yangu ili upate nafasi kwenye simu, nadhani nina haki ya kuutolea sifa zake hadharani.

Kwanza, unyenyekevu. Nchi yetu inapenda majina. Choo cha shule chenye matundu manne kikizinduliwa, hubandikwa jiwe la marumaru lenye jina la mheshimiwa, cheo chake na tarehe, na jiwe hudumu kuliko choo. Ujumbe huu umegundua dawa ya kisukari, umefichua njama za mataifa makubwa, umetangaza mwisho wa dunia, ukauahirisha, ukautangaza upya, na hauna jiwe popote. Muulize baba mdogo kautoa wapi: katumiwa. Aliyemtumia? Naye katumiwa. Ukifuatilia kwa subira utapita kwa mwalimu mstaafu, kwa katibu wa kwaya, kwa shemeji aliyeko Muscat, kwa dereva wa lori aliyekwama Tunduma, na wote watakuapia kuwa wao walipitisha tu. Hata yule "daktari bingwa mmoja" anayetajwa ndani yake hana jina, hana hospitali, hana namba ya simu. Mawalii waliokimbilia mapangoni kukwepa sifa za watu, majina yao tunayajua mpaka leo. Ujumbe huu umewashinda.

Sifa nyingine nazipitia haraka. Hauzeeki: mtoto aliyepotea Mbagala bado amevaa sare za darasa la kwanza, ingawa kwa hesabu ya kawaida sasa anatafuta mchumba. Haubagui: mwenye pumu na mwenye presha hupewa kitunguu saumu kilekile. Haukati tamaa: Aprili 2020 wenye WhatsApp waliuwekea kizuizi, kwamba uliokwisha kusambazwa mara nyingi usitumwe zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Baba mdogo ni mstaafu, muda anao. Akautuma kwa ukoo, akamaliza, akautuma kwa jumuiya, akamaliza, akautuma kwa chama cha kuzikana.

Sifa ya tano ni ukarimu, na hii nilitaka kuieleza kwa utulivu. Shangazi alipolazwa niliandika kundini: jamani, vipimo vinataka hela, tuchangeje? Tiki zikageuka bluu, moja baada ya nyingine. Kimya. Kaka yuko hewani, hasemi. Binamu anaonekana anaandika, mara haandiki tena. Ndipo baba mdogo akaleta faida 12 za majani ya mpera, na watu walioshindwa kuandika "sina" wakafufuka wote kwa pamoja: Amina! Ubarikiwe, baba! Tunashukuru kwa elimu! Baba mdogo, shikamoo, heshima yako naijua, lakini shangazi alikuwa anasubiri kipimo cha figo, hakuwa anasubiri mpera! Na hao walioitikia amina, vidole vyao vilikuwa wapi dakika tano nyuma? Aliyelipa mwishowe ni mdogo wake shangazi, muuza vitumbua, mwenye simu ya kitochi, ambaye kundini hata hayumo.

Turudi kwenye sifa. Lazima ikubaliwe kwamba siku ile ujumbe wa mishale miwili ulisema kitu. Waliokuwa na jibu ndio walionyamaza.

Na kunyamaza huku tumefundishwa na wakubwa. Mwanzoni mwa Mei 2020, mwezi mmoja baada ya kizuizi kile, takwimu za Korona nchini Tanzania zilifika wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo takwimu zikakoma kwa zaidi ya mwaka. Watu walitaka kujua idadi. Wakaletewa tangawizi, limau na maelekezo ya kujifukiza, na mletaji alikuwa huyuhuyu tunayemsifu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lisilosemwa nalo lina warithi wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayesambaza habari za uongo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye ofisi hadi siku 30 kumjibu mwananchi aliyeomba habari za kweli. Siku 30! Ndani ya muda huo uongo umefika Bujumbura, umerudi, umeongezewa picha na sauti ya mama anayelia.

Tunawakemea wazee kwa kusambaza wasichokijua, na tunawaheshimu sana wanaokijua wakakikalia. Kwangu mimi, hawa wa pili ndio wenye kosa kubwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimtoe baba mdogo kundini. Ukiulizwa mchango, andika kiasi au andika huna. Vyote viwili ni jibu. Na kama wewe ndiye uliyekalia takwimu, zitoe leo, uweke jina lako chini.