Kitoweo cha Wavuvi wa Barafuni

Uvuvi wa barafuni, yaani kutoboa ziwa lililoganda kwa keekee kubwa na kutumbukiza ndoano tunduni, ni desturi ya majira ya baridi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako mamlaka ya maliasili hushauri barafu isipungue unene wa sentimita 10 kabla ya kukanyagwa kwa miguu. Mvuvi wa Ziwa Mille Lacs la jimboni humo, hata hivyo, mara nyingi husubiri inenepe zaidi ili aburute kwa gari kibanda chenye vitanda, kipasha joto na pengine televisheni, kisha hushughulikia jambo lililompeleka, nalo ni kula.

Mapishi yanayosifiwa huko kuwa rahisi yana sifa moja ya kustaajabisha, kwamba mengi hayamhitaji samaki. Chili, ambayo ni mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, maharage na pilipili, hupikwa nyumbani na kupashwa moto tu kibandani, soseji hubanikwa, supu huwasili ndani ya chupa ya chai. Kazi ngumu inayosalia ni ya hewa, kwa kuwa jiko la gesi katika chumba kilichofungwa huweza kuzalisha kaboni monoksidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, hivyo tundu la hewa huachwa wazi, na baridi iliyokimbiwa kwa gharama kubwa hualikwa chakulani. Samaki naye akijitokeza, huwa ni usumbufu, maana humkuta mwenyeji ameshashiba.