Jiwe la Mama Kuku

Kando ya Ziwa Singidani, pale majabali yanapopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, palikuwa na soko la wanyama. Halikuwa na paa wala mlango. Kila muuzaji alikuwa na jiwe lake. Babu Kobe aliuza vitunguu, Kanga mtama na uwele, Digidigi mlenda mkavu, na Mama Kuku alizeti. Jiwe la Mama Kuku alilikalia bibi yake, kisha mama yake, kisha yeye. Katikati lilikuwa na kibonde cha duara, laini kama kiganja, kinachong'aa kwa mafuta ya mbegu. Mteja aliyefika alfajiri kutoka Manyoni alilipapasa gizani na kujua kwamba yuko kwa Mama Kuku.

Soko lile lilikuwa na shida zake. Mvua za Desemba zilipoanza, maji yalipita katikati ya biashara na vitunguu vikaozea kwenye magunia. Choo kilikuwa kimoja. Usiku hapakuwa na taa, na Kicheche alijilia mizigo ya watu. Kwa hiyo siku Mzee Tembo, mwenyekiti wa halmashauri, alipoitisha mkutano akachora mchangani soko la ghorofa mbili, lenye paa, maji na taa, wanyama walishangilia kwa moyo mweupe. Nani angependa kubaki kwenye tope?

Babu Kobe akanyoosha shingo. "Mwenyekiti, soko ni zuri na tunalihitaji. Naomba kuuliza: likiisha, watakaorudi ni sisi? Kila mmoja kizimba kipi, kwa kodi gani? Iandikwe."

"Wasiwasi wa nini, Babu?" akajibu Tembo. "Tumeishi pamoja miaka yote. Neno langu halitoshi?"

"Neno lako nalitii, Mwenyekiti. Ila wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari."

Makofi yakamfunika. Kazi ya orodha ya wauzaji akapewa Fisi, maana alijitokeza wa kwanza.

Wauzaji wakahamishiwa kwenye uwanja wa miiba, ng'ambo ya kilima, kwa miezi sita. Wateja hawakuwafuata, mtu anayetaka kitunguu cha mboga ya jioni hatembei nusu siku kukitafuta. Miezi sita ikawa misimu miwili ya mavuno. Kanga akala mtama aliouweka wa mbegu. Mama Kuku akakopa, na deni akalilipa kwa mayai aliyokuwa ameyaandaa kuyaatamia.

Hatimaye soko likakamilika, na lilipendeza kweli. Mama Kuku akaja na ungo wake kichwani. Mlangoni alisimama Fisi.

"Jina lako halipo."

"Kaka Fisi, hapa alikaa bibi yangu."

"Bibi yako aliandikwa wapi?"

Vizimba vyote vya chini, vinavyotazama njia, vilikuwa na majina ya binamu za Fisi na marafiki zao, watu ambao hawajawahi kupima hata kibaba kimoja cha uwele. Hawakuja kuuza. Walikuja kupangisha, kwa kodi mara tatu ya ile ya halmashauri, na kilemba juu yake. Babu Kobe alibahatika kupata kizimba ghorofa ya pili. Alianza kupanda ngazi asubuhi, akafika juu adhuhuri, wateja wameshakwenda zao.

Basi wauzaji wakatandika magunia chini, kando ya njia, na wateja wakawafuata huko. Mbwa Mwitu, mgambo wa halmashauri, akaja kuwatimua, akaikanyaga alizeti ya Mama Kuku mpaka ikachanganyika na mchanga. Ndani ya soko kulikuwa na makufuli, nje vilio.

Siku hiyo Korongo, msafiri wa mbali, alitua juu ya jabali. Alitazama, akasema:

"Haya nimeyaona kwa binadamu, Dar es Salaam. Soko la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Alilitilia paa la miavuli ya zege inayokinga mvua na kupitisha hewa, na chini akaweka soko la shimoni. Yule alimfikiria mchuuzi na jua lake. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua. Serikali ikalijenga upya, na jengo lilipokaribia kuisha, kelele kubwa haikuwa ya zege wala nondo. Ilikuwa ya orodha: nani yumo, nani hayumo. Na pale Ilala lilijengwa Machinga Complex, kwa jina la wamachinga wenyewe. Kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu. Mteja hakupanda ghorofani, na machinga akarudi barabarani alipo mteja. Soko ni miguu inayopita. Kuta hufuata."

Babu Kobe akamgeukia Tembo. "Mwenyekiti, nifuate."

Akampeleka nyuma ya jengo, kwenye lundo la mawe yaliyong'olewa. Mama Kuku akapita juu yake polepole, akisimama na kuendelea, mpaka akafika kwenye jiwe moja lililolala ubavu. Wakamsaidia kulilaza sawa. Akakaa. Kile kibonde kikampokea kama kiota. Kanga akalipata lake, lenye mikwaruzo ya kucha zake. Digidigi akalipata lake. Kisha Kobe akawaita binamu za Fisi, nao watafute yao. Walizunguka lundo lile mpaka jua likazama ziwani, na hakuna jiwe hata moja lililowatambua.

Tembo alisimama kimya muda mrefu. "Mimi nilikataa kuandika," akasema, "kumbe mawe yaliandika."

Kesho yake orodha ya Fisi ilichanwa hadharani. Wauza mboga na nafaka wakapewa chini, ghorofa ikaachiwa mafundi ambao mteja huwafuata popote walipo. Kodi ikachongwa kwenye jabali la langoni, aione kila apitaye. Soko likajaa tena. Ila mayai ya Mama Kuku hayakurudi, na mwaka ule shamba la Kanga lililala bila mbegu.

Ndugu msomaji, masoko yetu yanahitaji kujengwa upya, na yajengwe vizuri. Lakini mama anayechambua vitunguu Misuna, Singida, na kijana mwenye meza ya nyanya hawana mawe ya kuwatolea ushahidi. Wana karatasi tu, kama ipo. Siku ukionyeshwa picha ya jengo jipya la mji wako, uliza kwanza orodha iko wapi. Ibandikwe ukutani kabla bati la kwanza halijang'olewa: jina, kizimba, kodi, na tarehe ya kurudi.