Yah: Kusogeza Ugonjwa Karibu na Wananchi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Kilimo,
Halmashauri yetu, mkoani Kagera.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wenye vibanja tunawashukuru kwa ziara yenu ya uhamasishaji dhidi ya mnyauko wa migomba, huu tunaouita unyanjano. Fulana zilitutosha, kofia zilitutosha, na bango mlilosimamisha njia panda linamkinga jua mama ntilie aliyehamia chini yake.

Lakini kilichotugusa hasa ni somo la vitendo. Kiongozi wa msafara alivua koti mwenyewe, akashika panga, akakata mgomba wa jirani yangu uliokwisha kunyauka majani. Tukaambiwa tusubiri. Muda si muda, usaha wa manjano ukaanza kuchuruzika pale alipokata. Akapasua na ndizi iliyoiva kabla ya wakati wake: ndani kahawia tupu. Bakteria wa ugonjwa huu, akatufundisha, hubebwa na wadudu wanaofuata ua dume, na machipukizi yenye ugonjwa, na visu na mapanga yanayotoka mgomba huu kwenda ule. Tukapiga makofi. Akalifuta panga kwenye nyasi, akaingia nalo kwangu, akakata mgomba mzima ili tuone tofauti.

Tofauti tuliiona. Baada ya wiki chache haikuwepo tena.

Wala hatusemi mlishtukizwa. Ugonjwa huu uliripotiwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, ndugu yake mgomba, na mwaka 1974 kwenye migomba yenyewe. Mwaka 2001 ukabisha hodi Uganda, hapo jirani. Kwetu Kagera ulithibitika mwaka 2006. Mgeni aliyetusubiri miaka mitano mpakani alikuwa na adabu zake; bila shaka alitaka tumalize kwanza vikao vya maandalizi.

Tunapongeza pia sheria ndogo ya kumtoza faini atakayekutwa na mgomba mgonjwa. Tangu itangazwe, takwimu zenu zimependeza sana, kwa kuwa hakuna anayeripoti. Mkungu wenye dalili unakatwa usiku na kuwahishwa mnadani, na panga lililoukata linarudi kazini alfajiri. Wazee wanaokunywa rubisi wanajua ni kibanja cha nani kimepukutika. Nyie mngewauliza, ila wao hawajazi fomu.

Sasa ombi. Mlisema wenyewe kwamba mgomba ukishaugua hauna dawa, na hilo ni kweli. Mkasema, kwa haraka, huku dereva akipiga honi, kwamba chane ya mwisho ikishatoka ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, bila kisu. Tumejaribu, ni kazi ya dakika. Nashuku ndiyo maana kijiti hakimo kwenye bajeti: hakina mzabuni, hakina risiti, wala huwezi kukichapa nembo. Basi fedha za fulana za awamu ya pili tunaomba zinunue jiki ya kuoshea mapanga, na bwana shamba apewe mafuta ya pikipiki afike kabla ya usaha, bila mwandishi wa habari nyuma yake.

Tumesikia mnakuja tena kufanya tathmini. Karibuni sana, chai itakuwepo. Penye kuingilia kibanja mtakuta moto na panga letu juu yake, limeachwa hadi halishikiki. La kwenu liacheni garini.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye kibanja